Wodi ya Wazazi Yahamia Kilimani

Kunigunda alikuwa na miezi minne tu tangu akabidhiwe kituo cha afya kando ya mto, karibu na ziwa. Mvua kubwa ilipotangazwa redioni, alimwomba Tadei, fundi wa kituo, amwonyeshe maji ya mafuriko ya mwaka juzi yalikofika. Tadei akagusa ukuta wa wodi ya wazazi, usawa wa kiuno chake.

Wakaanza kazi siku hiyohiyo. Jokofu la chanjo walilipandisha juu ya jukwaa la matofali, dawa zikahamia rafu za juu, jenereta wakaikokota hadi ukumbi wa parokia, kilimani. Siku tano zikapita bila tone. Wauguzi wakanung'unika kwamba wanahangaishwa bure, na Kunigunda mwenyewe akaanza kuona aibu.

Siku ya sita asubuhi, wingu zito likashuka kutoka milima ya Umatengo. Kunigunda akaagiza wajawazito wanne wapandishwe ukumbini. Watatu walikwenda. Wa nne, Avelina, uchungu ulikuwa umeshamshika, na mama mkwe wake, Gertruda, hakutaka kabisa mjukuu wake azaliwe kwenye ukumbi wa harusi.

Kunigunda alichuchumaa mbele ya Gertruda, akamwamkia.

"Mama, sijui kama maji yatakuja. Lakini yakija, sitaweza kumvusha Avelina akiwa katika hali hii."

Gertruda akaokota beseni la nguo.

"Tangulia, sista. Mimi nitamshika mkono."

Alasiri mto ulifurika. Jioni, jenereta ikinguruma nje ya ukumbi, Avelina alijifungua mtoto wa kike mwenye sauti kali.

Maji yalipopungua, walikuta chanjo salama na dawa kavu. Kumbe kadi za kliniki zilisahaulika kwenye droo ya chini, zote zimelowa chepechepe. Kunigunda alikaa kwenye kizingiti chenye tope, akalia kidogo. Tadei akajifanya anakagua bawaba za mlango. Baadaye alisema taratibu kwamba mwakani wataanza na kadi.

Gertruda alikuja na bakuli la usipa, samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa, akamkuta Kunigunda akizianika kadi kwenye kamba ya nguo, moja moja. Aliweka bakuli chini, akaokota vibanio, akaanza kumsaidia.