Nusu kwa Mbuyi, Nusu kwa Kabanga

"Kabanga, uko unakunywa dawa yoyote?" Dokta Ngeleka aliuliza tena.

Kabanga alimtazama mama yake. Mama yake akatabasamu, maana swali lenyewe aliliona jepesi.

"Anakunywa, Dokta. Ile ya Mbuyi. Mi napatiaka bote bawili, sawasawa."

Kalamu ya daktari ilisimama. Alimtazama mama, akamtazama binti, kisha akavua miwani yake na kuiweka juu ya meza taratibu. Alikuwa mtu wa kelele, daktari yule, na manesi wa hospitali nzima walimjua kwa sauti yake. Siku hiyo aliuliza kwa sauti ya chini.

"Bote?" alisema. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Mapasa hawa, Dokta. Ningefanya namna gani?"

Jina la mama huyo la kuzaliwa lilikuwa Tshiela, lakini tangu alipojifungua pacha watu wote wa mtaa wa Musonoi, mjini Kolwezi, walimwita Mwa Mbuyi, mama wa Mbuyi, kama desturi ya Waluba wa Kasai inavyotaka. Na desturi hiyo haina mchezo. Ukimnunulia Mbuyi kitambaa, mnunulie na Kabanga. Ukimtandika mmoja, mwenzake naye apate chake, hata kama alikuwa amelala. Pacha aliyenyimwa hukasirika, na pacha akikasirika hurudi alikotoka. Mwa Mbuyi alilelewa na maneno hayo, akayashika kuliko alivyoshika katekisimu.

Alikuwa akikaanga bitumbula, maandazi ya mviringo, karibu na lango la karakana ya mgodi, na wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walimpenda kwa sababu moja: donge la unga likitoka mkononi mwake halikulizidi lenzake. Hakuwa na mizani. Dole gumba lake ndilo lililokata, na dole gumba lile halikukosea. Kwa hiyo Mbuyi alipougua kansa ya damu, na Dokta Ngeleka akampa vidonge, Mwa Mbuyi alivikata kwa wembe kila asubuhi, nusu kwa Mbuyi, nusu kwa Kabanga. Damu ya Mbuyi ilipokataa kutulia, daktari akaongeza vidonge. Mwa Mbuyi naye akaongeza pande zote mbili.

Sasa tiketi za kwenda kutibiwa Brussels, Ubelgiji, zilikuwa tayari. Damu za mabinti zilikwishatumwa na kupimwa huko, zikaonekana ni damu moja. Daktari alikuwa amewaeleza yote kwa Kiswahili cha nyumbani: kule watafyeka shamba lote ndani ya mifupa ya Mbuyi kwa dawa kali, hata jani lisibaki, kisha watapanda mbegu itakayotolewa katika mifupa ya Kabanga. Kipimo cha leo kilikuwa cha mwisho tu, cha kuhakikisha kwamba mwenye mbegu ni mzima; nacho kilionyesha damu ya Kabanga imepungua.

"Mama," daktari alisema, "ile dawa inaua. Kwa mugonjwa inaua ugonjwa. Kwa mutu muzima haina ugonjwa wa kuua. Inaua damu yake tu."

Mwa Mbuyi aliendelea kutabasamu kidogo, kwa sababu uso ulikuwa haujapata habari.

"Na Mbuyi alikuwa anapata nusu," daktari aliongeza. "Nusu tu. Ugonjwa ukapata nafasi."

Hapo ndipo tabasamu lilipokufa. Kabanga akamshika bega.

"Dokta, nimeua batoto bangu?"

"Sijasema ile."

"Nimewaua bote?"

Daktari alijifuta uso kwa kiganja. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa Kasai. Nyumbani kwao kulikuwa na pacha, na alikumbuka vema jinsi yai moja lilivyogawanywa. Desturi aliijua, kuuliza mapema kama na dawa inagawanywa ndiko kulikomshinda.

"Kabanga anaacha leo hii," alisema. "Tutapima damu yake kila juma. Ikipanda, munaenda. Brussels watangoja. Ugonjwa wa Mbuyi ndio sijui kama utangoja."

Nyumbani, Kazadi, mume wa Mwa Mbuyi, alisikiliza akiwa bado na vumbi la mgodi kwenye nyusi. Alikuwa dereva wa malori makubwa ya machimboni, mtu wa utani mwingi, na majirani walikuwa wamezoea kumsikia akicheka kabla hajafika mlangoni. Hakucheka, hakugomba. Alichukua masanduku yaliyokuwa tayari kitandani, makoti mawili mazito ya rangi moja yakiwa ndani, akayapandisha juu ya kabati.

Mbuyi ndiye aliyeuliza. Alikuwa mkekani, amekonda, tumbo la upande wa kushoto limevimba.

"Kabanga, na weye ulikuwa unameza?"

"Mama alisema."

"Haukusikia mubaya?"

"Nilisikia. Kutapika, na nguvu kuisha. Nikasema ni vile tunabeba ugonjwa pamoja."

Mbuyi alicheka. Kicheko kilikuwa cha kweli kabisa, kisha kikageuka kilio katikati, na Kabanga akalia naye, na mama yao aliyekuwa mlangoni akaziba masikio.

Kesho yake Mwa Mbuyi alikwenda kukaanga kama kawaida, maana angekaa nyumbani afanye nini? Mafuta yalichemka, mkono ukafanya kazi, lakini akili haikuwapo. Mwamba, fundi wa mitambo aliyenunua kwake miaka na miaka, aligeuza bitumbula vyake kiganjani.

"Mwa Mbuyi, lelo kuko nini? Kamoja kakubwa, kamoja kadogo!"

"Kula tu, baba," alisema bila kumtazama.

Jua lilipopanda alirudi nyumbani. Ilikuwa saa ya dawa. Alitoa vidonge, vizima, akakaa mkekani mbele ya mabinti wake. Mbuyi alipokea, akavitia mdomoni, akanywa maji. Kabanga alikuwa ametazama pembeni, akiwaza yake. Mkono wake wa kulia, kwa mazoea tu, ulinyooka na kufunguka mbele ya mama.

Mwa Mbuyi aliutazama mkono ule. Tangu siku waliyozaliwa hakuwahi kuuacha mtupu wakati mwenzake amepewa.

"Weye, hapana," alisema.

Kabanga akageuka. Mkono ulibaki pale pale, wazi, na hakuna kati yao watatu aliyejua nani aufunge.