Uzi Usioonekana wa Mama Scholastique

Mwaka 2003, vita vilipotufukuza mitaani Bunia, mimi Jeannine niliendelea kushona nguo kwenye kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege. Jirani yangu alikuwa Mama Scholastique, mshonaji wa Djugu, aliyekimbia na cherehani yake ya mkono mgongoni kama mtoto.

Siku moja mama mmoja, Gertrude, alituletea furushi: mashati meupe ya marehemu mumewe Constant, suruali yake nyeusi, na kitenge cha harusi yao, cha buluu na njano. Alitaka blanketi la viraka.

"Lakini sitaki nyuzi ionekane," akasema. "Nguo zake zisikuwe na makovu."

Nilimwambia haiwezekani. Blanketi la namna hiyo hushonwa kupita matabaka matatu. Uzi mweupe utaonekana kwenye suruali, mweusi utaonekana kwenye shati. Scholastique alikwenda kwa Kamate, aliyeleta bidhaa kutoka Mahagi, akarudi na kibunda cha uzi wa nailoni usio na rangi, mwembamba kama unywele, ambao watu walitungia shanga.

Uzi ule ulikuwa mkaidi. Ulichomoka, ukajisokota, ukakatika.

"Yaya, achana nayo, utaharibu mashini," nikamwambia, nikimwita dada mkubwa kama tunavyowaita kwetu.

"Nyuzi haiko na kosa, Jeannine. Ni siye tunaivuta sana."

Akaweka kibunda ndani ya kikombe nyuma ya cherehani, uzi utoke polepole. Akalegeza skrubu ya kukazia uzi. Chini, kwenye kanete, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini, akatia uzi wa kawaida wa pamba, wenye rangi ya kitambaa cha nyuma. Akachagua sindano nyembamba kuliko zote, akazungusha gurudumu taratibu, mshono mmoja mmoja, siku nne nzima. Mara mbili risasi zililia upande wa mjini, tukalala chini. Zilipotulia, alianza palepale alipoachia.

Gertrude alipolitandaza lile blanketi, aliinama hadi pua ikakaribia kitambaa.

"Mama, umeshona wapi?"

Scholastique akamshika kidole, akakipitisha kutoka shati hadi kitenge. Mistari yote ya mshono ilikuwapo, lakini ni kidole tu kilichoiona. Gertrude akalia, akajifunika palepale, jua likiwa utosini.

"Usipige pasi juu," Scholastique akamwonya. "Nyuzi itayeyuka."

Nilikuwa nimeshona tangu nilipokuwa Butembo, kabla ya kuja Bunia, miaka kumi na minane, nikidhani kazi hii naijua. Kesho yake nilibeba kigoda changu, nikaketi kando yake, nikamwomba anifundishe.