Mguu wa Kwenye Bango

Erupe hakuwa daktari, ila tangu soko la Lodwar lianze kumwita hivyo hakuwahi kumsahihisha mtu. Alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, mwenye fulana moja ya kazi, baiskeli isiyo na breki, na bango la plastiki alilolitundika kila Jumatatu kwenye ukuta wa duka la maziwa. Joto likizidi, ngozi za watu hupata taabu: miiba ya mti wa mathenge, malengelenge ya kandambili, mabomba ya pikipiki yanayounguza mashavu ya miguu ya abiria. Kwa yote hayo Erupe alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limechorwa.

"Mtu akiungua, maji safi ya baridi, dakika ishirini. Si dawa ya meno, si oili ya gari. Mwiba ukikuchoma, toa wote, osha na sabuni. Halafu uangalie. Ukiona wekundu inapanda hivi, usingoje. Kimbia hospitali."

Fimbo yake iligonga bango. Mguu uliochorwa pale ulikuwa wa rangi ya ulimi wa mbuzi, na kutoka kwenye kidonda mstari mwekundu ulipanda hadi gotini.

Akiru, mama mzee muuza vikapu, akainua mkono. "Daktari, huyu ni Mzungu. Alipelekwa hospitali?"

"Alipelekwa, mama."

"Sawa. Na mguu kama hii yangu, ikiharibika inakuwa rangi gani?"

Watu wakacheka. Erupe akageukia bango, akalitazama, akarudi kwa mama. "Nyekundu. Si unaona imechorwa."

Mwezi wa pili wa mwaka 2013, wagombea walipokuwa wengi mjini kuliko wapiga kura, mwiba wa mathenge ulipenya ndala ya tairi ya Erupe ukazama unyayoni. Aliuvuta kwa meno, akatema, akapaka mate, akapanda baiskeli. Sabuni ilikuwa nyumbani, na yeye alikuwa akichelewa kwenda kufundisha kuhusu sabuni.

Siku ya pili mguu ulivimba. Akauangalia kwa kioo cha kunyolea, asubuhi na jioni, akitafuta wekundu. Hakuna. Siku ya tatu ulikuwa wa moto, unang'aa, na ndala haikuingia. Hakuna wekundu. Majirani walipouliza, alisema ameteguka kwenye mpira, ingawa hakuna aliyekuwa amemwona uwanjani tangu darasa la saba. Siku ya nne alitetemeka kwa baridi saa sita mchana, Lodwar, mahali ambapo hata mijusi hutafuta kivuli, na mtoki ukamsimama kinenani. Hapo hata bango halikumtuliza.

Lakini hospitali ya Lodwar haiendeki. Nusu ya foleni ingekuwa ya wanafunzi wake. Heri Kakuma, kilomita mia na ushee, ambako hakuna amjuaye. Akadandia pikapu ya kampeni, na nauli yake ikawa kumwimbia njia nzima mgombea ambaye hakuwa na nia ya kumpigia kura.

Katika kliniki ya kambi ya wakimbizi alimkuta Adau, mwuguzi wa Sudan Kusini, mrefu, mpole, kalamu mkononi.

"Jina, ndugu yangu?"

"Nanok. Mfugaji."

"Ejok, daktari," ikamsalimu kwa Kiturkana sauti kutoka kwenye benchi.

Alikuwa Akiru, mkono mmoja umefungwa bendeji. Kila wiki huleta vikapu vyake kambini, na safari hii uji moto wa binti yake ulikuwa umemmwagikia. Erupe alitazama paa kwa makini kana kwamba amekuja kulinunua.

"Daktari?" Adau akauliza, kalamu ikasimama.

"Daktari wetu wa Lodwar. Maji ya baridi dakika ishirini nilifanya kama alisema, na imesaidia sana."

Adau alipiga magoti, akaweka mgongo wa mkono wake juu ya mguu mmoja, kisha mwingine. "Hii iko moto. Tena imekuwa ngumu. Siku ngapi?"

"Nne."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Uongo ulikuwa umemwishia. "Nilikuwa nangoja iwe nyekundu."

Wote watatu wakautazama mguu. Ulikuwa mweusi tititi, mweusi wa kuzaliwa nao. Adau hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma Erupe. Akiru alicheka kwa niaba ya kliniki nzima.

"Daktari, mbuzi yako ikigonjeka, unangoja iwe nyekundu?"

"Hapana, mama. Nashika masikio, nione kama iko moto."

"Eeh."

"Ngozi yetu haisemi haraka," Adau alisema. "Shika, linganisha na ile ingine. Ikiwa moto, imevimba, uchungu inazidi, homa imeingia, moja tu ya hizo, unakuja. Wewe ulikuwa nazo zote. Siku mbili zaidi, tungekuwa tunaongea mambo ya kukata."

Erupe aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Aliufikiria mguu ule, ngoma zote ulizoziruka, akalia mbele za watu. Akiru akaacha kucheka, akamshika kwa mkono wake mzima, na hakumwachia wakati Adau akipasua unyayo na kutoa ncha ya mwiba, wala wakati wa sindano ya pepopunda. Erupe alilazwa siku tano, kwa jina lake halisi.

Jumatatu aliyorudi dukani alikuja akichechemea, na kipande cha makaa mkononi. Mbele ya watu wote akaupaka mguu wa kwenye bango, kuanzia vidole hadi gotini, mpaka ule mstari mwekundu ukapotea kabisa. Kisha akavua bendeji, akaweka mguu wake juu ya kiti.

"Leo hakuna kuangalia tu," alisema. "Pangeni laini, mshike."

Akiru hakwenda kwanza kwenye kiti. Alisimama mbele ya bango, akaweka mgongo wa mkono wake juu ya makaa.

"Sasa huyu ni mtu wetu," alisema. "Na yeye apelekwe hospitali."