Kijani cha Embe Bichi

Daktari Zahabia alikuwa ameng'oa meno ya watu wa Mwanza kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna aliyemwogopa. Kilichoogopwa ni rafu yake. Katika chumba cha kusubiria cha kliniki yake, pale Mirongo, rafu ndefu ilijaa ndege za kivita ndogo ndogo, kila moja na makombora chini ya mabawa na moshi mweusi kwenye matundu ya injini. Mgonjwa aliyekuja na jino moja bovu aliketi akitazamana na silaha za mataifa makubwa mpaka jina lake liitwe.

Aliziunda mwenyewe. Boksi la vipande vya plastiki liliagizwa ng'ambo, naye akavikata, akavipiga msasa, akavigandisha na kuvipaka rangi kwa vifaa vilevile vya kuchokolea meno, vilivyostaafu kazi ya mdomoni. Mumewe, Aftab, alikuwa na duka la rangi na vifaa vya ujenzi mtaa wa pili. Alikuwa na rangi za kupaka soko zima, lakini mkewe aliagiza kutoka Ulaya vichupa vya ukubwa wa kidole gumba kwa sababu kijivu cha dukani hakikuwa kijivu chenyewe.

"Kijivu ni kijivu," Aftab alikuwa akisema.

"Ndiyo maana hujawahi kuunda ndege," Zahabia alikuwa akimjibu.

Alijivunia usahihi kuliko hata kliniki yake. Kulikuwa na kundi la mtandaoni la waunda ndege kutoka Poland hadi Brazili, na huko Zahabia aliheshimiwa kama hakimu. Mtu akiweka picha ya ndege yenye gurudumu la mwaka usio wake, Zahabia alimsahihisha kwa maneno ya adabu sana, na mtu huyo hakuonekana tena kwenye kundi kwa muda mrefu.

Ndege moja tu ilimshinda. Alitaka kuunda MiG, ndege ya kivita ya Kirusi, ya jeshi letu jinsi ilivyokuwa wakati wa Vita vya Kagera. Boksi alikuwa nalo tangu zamani. Picha zilizopatikana zilikuwa chache, hazina rangi na hazioneshi kitu vizuri. Na Zahabia hakuwa mtu wa kubahatisha.

Ndipo Mzee Nathaniel Malimi alipovuka ziwa kutoka Nansio kuja kutengenezewa meno ya bandia, ya juu na ya chini. Modesta, muuguzi wa kliniki, alimkaribisha kiti, lakini mzee hakukaa. Alisimama mbele ya rafu akaangalia ndege moja baada ya nyingine, kisha akanyoosha kidole kwenye boksi lililoegeshwa pembeni, lenye picha ya MiG.

"Hii naifahamu," alisema kwa sauti ya fizi tupu. "Wakati wa vita nilikaa nazo porini. Zilikuwa nne."

Zahabia alikuwa mlangoni, amevaa glavu mkono mmoja.

"Shikamoo mzee. Ulikuwa jeshini? Upande wa anga?"

"Marahaba. Huko huko."

Basi Mzee Malimi akaingizwa ndani kabla ya watu waliomtangulia. Zahabia alimlaza kwenye kiti, akachanganya unga wa kuchukulia kipimo cha fizi, akamjaza mdomo, na alipohakikisha kimekaa vizuri akauliza, "Kwa hiyo mzee ndiwe uliyekuwa ukizirusha?"

"Mm," alisema Mzee Malimi.

Meno ya bandia hutengenezwa kwa hatua, na mgonjwa lazima arudi. Mzee Malimi alirudi mara nyingi kuliko mgonjwa mwingine yeyote katika historia ya kliniki ile. Kipimo kilirudiwa. Nta ilijaribiwa, ikaonekana haifai, ikajaribiwa tena. Modesta, aliyejua kwamba kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri kabisa, aliangalia pembeni akaendelea kuchemsha vyombo.

Kila ziara ilileta kitu. Katika dakika ambazo mdomo wake ulikuwa mtupu, mzee alieleza kwa ufupi, maana kuongea bila meno ni kazi.

"Rangi ilikuwa kijani. Si kijani cha majani. Kijani cha embe bichi."

"Hata ndani, kwa rubani?" Zahabia aliuliza huku akimwingiza kioo.

"Mm."

Siku nyingine akasema bawa la kushoto lilikuwa na kiraka, kwa sababu lilitobolewa. Zahabia aliuliza kama ilikuwa risasi za adui, na mzee, akiwa na nta mpaka kooni, akatikisa kichwa na kupunga mkono. Zahabia aliuelewa mkono ule. Jioni alimwambia Aftab kwamba askari wa kweli hawapendi kuzungumzia mapambano.

"Umemuuliza, au umemwambia?" Aftab alisema bila kuinua macho kwenye chai yake.

Zahabia alirudi mezani kwake. Alikuwa na kazi. Mzee alisema namba ya ubavuni, mia tisa na moja, ilipakwa kwa mkono na ile tisa ilikuwa imeinama. Zahabia akaacha stika zilizokuja na boksi, akaandika tisa iliyoinama kwa brashi ya nywele tatu. Mzee alisema pua ilikuwa imepinda kidogo kuelekea kulia. Zahabia akapasha pua joto, akaipinda, akajiambia moyoni kwamba bila shaka ndege ile iliwahi kutua vibaya. Alipolinganisha na picha alizokuwa nazo, picha zilikataa. Pua ilionekana imenyooka, na namba hazikuinama. Zahabia, ambaye maisha yake yote aliamini picha, akafunga kompyuta. Picha haikuwepo vitani. Mzee alikuwepo.

Chumba cha rubani ndicho kilichomla muda zaidi. Alitengeneza kila swichi kwa waya wa kunyooshea meno, mikanda ya kiti kwa karatasi ya sigara, na saa za dashibodi zenye mishale ya kuonekana kwa lenzi tu. Mwisho, chini ya kioo, aliandika kwa rangi nyeupe: KAPTENI N. MALIMI. Cheo alimpa mwenyewe. Kwa mtu aliyerusha ndege vitani, aliona chini ya hapo ni dharau.

Alipoweka picha kwenye kundi, dunia ile ndogo ilitikisika. Mpoland mmoja, mwenye kitabu kizima kuhusu MiG, aliandika neno moja tu: hatimaye. Watu wakaanza kupaka upya ndege zao kijani cha embe bichi.

Siku ya kumkabidhi mzee meno yake, Zahabia aliamua kumkabidhi na ndege. Alifunga kliniki mchana, akawaalika majirani, akamtuma Modesta kununua sambusa na juisi. Aftab alikuja na shati la Eid. Mzee Malimi aliingia akiwa na mkewe, Suzana, mama mnene mwenye kitenge kipya na miwani iliyofungwa kwa uzi. Zahabia alimvisha mzee meno ndani, akaangalia yanavyoumana, akaridhika, akamtoa nje mbele za watu na kufunua kitambaa.

Alisema maneno machache kuhusu mashujaa ambao hawajitangazi. Watu wakapiga makofi. Suzana akasogea, akashika miwani, akasoma maandishi taratibu kama anayesoma jina kwenye dawa.

"Kapteni," alisema. "Kapteni nani?"

"Mume wako, mama. Alipokuwa rubani."

Suzana alimgeukia mumewe, kisha akamgeukia Zahabia, na hakuonekana kuwa na nia mbaya yoyote.

"Daktari, huyu hajawahi kupanda ndege. Hata meli tu, leo ametapika tangu Nansio."

Hakuna aliyecheka. Modesta alishika jagi la juisi kwa mikono miwili. Zahabia akamtazama mzee, akisubiri akanushe.

Mzee Malimi alijaribu meno yake mapya, akagonga ya juu na ya chini, na kwa mara ya kwanza tangu afike Mirongo akazungumza kama mtu mwenye nafasi.

"Mimi nilikuwa seremala wa jeshi," alisema. "Daktari alikuwa anauliza wakati mdomo umejaa. Nikaona akimaliza nitamweleza. Kila nikija ananijaza tena."

Akaketi na kueleza. Walipelekwa porini, yeye na wenzake, wakaambiwa watengeneze ndege nne za plaiwudi, ili adui akipita juu aone ndege zimepangwa, amalizie mabomu yake hapo, na ndege zenyewe zibaki salama kwingine. Hawakuwa na rangi ya jeshi. Waliokoteza rangi ya kijani cha embe bichi iliyobaki kwenye jinari, kiwanda cha kuchambulia pamba. Pua ya ile namba mia tisa na moja ilipinda kwa sababu ya mvua. Namba aliibuni mwenyewe.

"Na lile tundu kwenye bawa?" Zahabia aliuliza.

"Ng'ombe. Walikuwa wanakuja kujikuna. Mmoja akapitisha pembe."

"Na adui alipokuja?" aliuliza Aftab, ambaye alikuwa ameweka sambusa chini.

"Adui hakuja. Alikuja mkaguzi wetu mwenyewe kutoka makao makuu. Akatufokea sana, kwa nini tunaacha ndege za serikali zinanyeshewa."

Hapo ndipo watu walipocheka, na Suzana kuliko wote. Zahabia aliomba radhi, akaingia chumba cha matibabu, akanawa mikono iliyokuwa safi. Alifikiria Mpoland na kitabu chake. Alifikiria ndege za watu huko Brazili, zilizopakwa rangi ya jinari. Alikuwa ameunda kwa usahihi usio na kifani mfano wa kitu ambacho nacho kilikuwa mfano, na ubaya wake, hakuweza hata kusema kwamba amedanganywa. Alikumbuka kila swali lake, na kila swali alikumbuka kilichokuwa mdomoni mwa mzee.

Mzee Malimi alimfuata, ameishika ndege kwa vidole vya fundi, pasipo kugusa rangi.

"Umekasirika, daktari."

"Mzee, ungeniambia."

"Nilikuwa nasubiri meno." Aliigeuza ndege kwenye mwanga wa dirisha. "Ila umeipatia. Hii ndiyo yenyewe kabisa. Nilivyoiona hapo nje nimesikia hadi harufu ya ile gundi. Wenzangu wote watatu wamekufa, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za kazi ile." Akachungulia kwenye kioo cha rubani. "Hapa ndani tu ndipo ulipokosea."

Zahabia aliacha kufuta mikono.

"Nimekosea wapi?"

"Hivi vidude vyote havikuwepo. Ndani tuliweka magunia ya pumba, upepo usiibebe."

Mtu mwingine angeirudisha ndege rafuni na kuishi na aibu yake. Lakini neno lililomchoma Zahabia halikuwa rubani wala kapteni. Lilikuwa "ulipokosea". Alivaa lenzi, akachukua kibano, akang'oa kioo, kisha kiti, mikanda, dashibodi, swichi moja moja, kazi ya miezi, akavipanga kwenye sinia la chuma. Akasokota pamba ya kukaushia meno ikawa magunia madogo.

"Mangapi?"

"Weka mpaka yajae. Na hilo la mbele lilikuwa limetoboka."

Nje majirani walimaliza sambusa wakaondoka. Zahabia alikwangua KAPTENI, akaandika FUNDI.

Kwenye kundi aliandika ukweli wote, na ng'ombe akiwemo. Hakuna aliyemwamini. Mpoland alijibu kwa kurasa kadhaa, akithibitisha kwa hesabu za mwanga kwamba kijani kile hakingeweza kuwa kitu kingine ila rangi ya jeshi. Mtu wa Brazili alisema mzee bila shaka bado amefungwa na kiapo cha siri. Mwingine, kijana aliyejiunga juzi, alimkumbusha Zahabia kwa maneno ya adabu sana umuhimu wa usahihi. Zahabia alisoma, akaanza kujibu, akafuta.

Aliipeleka ndege Nansio pamoja na Aftab, ambaye hakuwa amewahi kuomba kuona chochote kinachohusu ndege isipokuwa mtu huyu aliyeidanganya serikali yake kwa plaiwudi. Suzana aliiweka juu ya friji, juu ya kitambaa cha kufuma, akaitazama kwa muda. Mpunga wake ulikuwa umeiva, na kwelea, vindege wale walao nafaka, walikuwa wanaumaliza.

"Kama mlimdanganya mkubwa wa makao makuu," alimwambia mumewe, "mtashindwa kuwatisha hawa kwa ndege nyingine?"

Mzee Malimi alisema mbao ni ghali na magoti yake hayafai. Zahabia alijikuta akiuliza urefu wa mabawa ulikuwa futi ngapi. Wikiendi zilizofuata daktari wa meno na mumewe walivuka ziwa, Aftab amebeba madebe ya rangi aliyoichanganya mwenyewe dukani, akirudi nayo kila mara mzee alipokataa. Zahabia alipiga msasa ubavu wa ndege ya ukubwa kamili hadi mikono ikafanya malengelenge. Mzee alikaa kwenye kigoda akielekeza, na aliongea toka asubuhi hadi jioni.

Walipoisimamisha shambani, kwelea waliruka kama wingu na kutokomea. Kwa siku kadhaa hawakuonekana, na Mzee Malimi alitembea kijijini kama mtu aliyeshinda vita. Kisha asubuhi moja wakawakuta wamepanga mstari juu ya mabawa yote mawili, wamechafua mpaka namba, wanashuka kula na kupanda kupumzika.

Suzana aliwaangalia ndege wake, akaangalia mafundi wake. Kisha akaenda ndani, akarudi na miundu ya kutosha, akampa kila mmoja wa kwake, daktari naye, wakaingia shambani kuvuna kilichobaki.