Kibali cha Kupika Harusini

Sisi wa Visiwa vya Cocos, huku Bahari ya Hindi, tunatawaliwa na Canberra, makao makuu ya Australia, ila sheria za kila siku tunaazima jimbo la jirani, kule Perth, ambako hata kura hatupigi. Ni sawa na mtoto anayelelewa na mama, viboko vikatoka kwa jirani.

Siku mbili kabla ya harusi ya mjukuu wangu Rasmina, ndege ilimleta Bwana Graham, mkaguzi wa vyakula. Alikuta masufuria yangu uani, mafiga yamepangwa, na wanawake thelathini wakikuna nazi. Akasema kwa upole kwamba anayelisha umma lazima awe na jiko lenye masinki matatu, la sivyo hapati kibali. Nikapiga simu. Perth wakanituma Canberra, Canberra wakanirudisha Perth. Rasmina akajifungia chumbani kulia. Kwetu bibi harusi asiyepikiwa kwao hajaozwa, amehamishwa tu.

Nikamwomba mkaguzi anisomee tena sheria yake, polepole, maana mimi niliishia darasa la tatu. Akasoma mpaka akafika mahali panaposema anayepikia jamaa zake hahitaji kibali.

"Basi kanihesabie wasio jamaa zangu," nikamwambia.

Akatoka na daftari, nyumba kwa nyumba. Kila mlango akakuta binamu, shemeji, mkwe wa dada, na chai. Hata Bibi Nadia, ambaye hatusemeshani naye tangu ugomvi wa kuku, alipoulizwa kama ananijua alijibu, "Yule mkorofi? Ni dada yangu, kwa bahati mbaya."

Alasiri akarudi, shati limemgandama mgongoni, tumbo limejaa chai. Asiye jamaa alikuwa mmoja tu, yeye mwenyewe.

"Hata mmoja ni umma, Bibi," akasema, na kweli alionekana kusikitika.

Nikamuuliza kifungua mimba wake anaitwa nani. Akasema Lucy. Sasa, kwetu ukishapata mtoto wa kwanza jina lako la zamani linakufa, unaitwa kwa mwanao. Anayebaki na jina lake mwenyewe ni mgeni.

"Baba Lucy," nikamwita, "vitunguu vile pale. Mgeni hapewi kisu."

Akatazama kisu, akatazama daftari. Akamfuta yule mmoja, akakaa chini. Vitunguu alivikata vinene ajabu, hadi Rasmina akatoka chumbani kumfundisha.

"Mjomba," akamwambia, "hivyo unakata kuni."