Ukuta wa Namba Nne

Nyumba si kiatu, kwamba ukikivaa siku mbili kikakubana unakirudisha dukani. Dada alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alilipima jambo lake miezi minne mizima, mpaka wanaompenda wakachoka kumsikiliza. Alikuwa muuguzi, miaka thelathini wodini, na sasa amestaafu. Alikuwa na daftari. Ukurasa wa kushoto aliandika mema ya kununua nyumba mpya, wa kulia akaandika hatari zake, na kila Jumapili alasiri alimwita mdogo wake aje wasomeane.

Mdogo wake alikuwa fundi wa plasta. Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Kila penye ujenzi aliitwa Hariri, maana ukuta uliopita mikononi mwake, ukiupapasa, kiganja hakina pa kukwama. Na dada ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Hariri akiwa na miaka kumi, ni dada aliyemvisha, akamlisha, akampeleka kujifunza ufundi na kumnunulia mwiko wake wa kwanza. Hariri hakukosa Jumapili hata moja.

Ukurasa wa kushoto ulinona wiki hadi wiki. Mabomba mapya, nyaya mpya, choo ambacho hakuna mtu amekikalia kabla yako. Hakuna mwenye nyumba wa kupandisha kodi, wala wa kukwambia Ijumaa kwamba mwanawe anaoa, hivyo hama. Dada alikuwa amehamishwa namna hiyo mara sita, na mara ya mwisho kabati lake lilishinda mvuani. Ukurasa wa kulia nao haukuwa mtupu. Hati bado ziko kwa kampuni inayouza, barabara ni ya ahadi, maji yatafika hivi karibuni, na hiyo hivi karibuni, alisema dada, anaisikia tangu hajaota meno.

Nyumba zenyewe zilikuwa arobaini, mtaa mzima mpya nyuma ya soko, na karibu zote plasta alipiga Hariri. Ndiyo maana dada alishangaa kwamba mdogo wake, kila Jumapili, anaipigia debe nyumba kuukuu. Ilikuwepo moja inauzwa jirani na hospitali, dari imelegea, milango inalia kama ina njaa. Hariri alisema ile imeshatikisika kutikisika kwake kote, sasa imekaa. Nyumba mpya haijulikani tabia. Dada akamcheka, akamwambia hajapata kuona mpishi anayekikimbia chungu chake mwenyewe. Hariri naye akacheka, kicheko cha kinafiki, akaomba chai nyingine.

Sasa tuseme ukweli, maana yeye hakuusema. Safu ya chini ya mtaa ule, namba moja hadi sita, ilijengwa juu ya shimo la zamani la kuchimba mchanga. Shimo lilijazwa kifusi, na kifusi kinataka kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Hiki kilimwagwa tu, gari likapita juu mara mbili, msingi ukapandishwa. Hariri alipofika kuanza kazi alikuta ufa katika kila nyumba ya safu ile. Ule wa namba nne ulianzia kona ya dirisha la chumbani, ukateremka ngazi ngazi, tofali kwa tofali, hadi chini. Mafundi wana njia yao ya kuuhoji ukuta: unabandika kipande chembamba cha kioo kwa saruji, kishike pande zote mbili za ufa, halafu unasubiri. Kioo kikibaki kizima, ukuta umetulia. Hariri alibandika Jumatatu. Alhamisi asubuhi kioo kilikuwa vipande viwili.

Alimwita msimamizi wa kazi aje aone. Msimamizi, mtu wa simu mbili na haraka nne, alitazama mara moja, akasema uwekwe wavu wa chuma, plasta ipigwe, wapaka rangi wako njiani. Hariri alisita, lakini alisita kidogo tu, maana ada za shule hazisiti. Akaweka wavu. Akapiga plasta, na kwa aibu aliyokuwa nayo akaipiga vizuri kuliko zote alizowahi kupiga maishani.

Basi Jumapili moja akamkuta dada amesimama mlangoni, daftari limefungwa. Amekata shauri, alisema, ananunua mpya. Zilibaki tatu tu, zote za safu ya chini, na kampuni ilimruhusu achague. Aliingia moja baada ya nyingine, akafumba macho, akapapasa kuta.

"Namba nne," alisema. "Nilipitisha kiganja nikakujua, mdogo wangu. Nikasema basi, mengine yote ni bahati nasibu, lakini ukuta huu najua nani kaugusa."

Dada aliendelea, macho yanang'aa, anaeleza kitanda kitakaa wapi: chini ya dirisha lile la chumbani, apate hewa. Hapo ndipo pa kusema. Mdomo wa Hariri ulifunguka kabisa, na kilichotoka ni hongera. Alijichukia njia nzima ya kurudi kwake, na mkewe alipomuuliza ana nini akasema meno yanamuuma.

Kesho yake akamfuata msimamizi, akamwomba kwa adabu zote dada yake abadilishiwe, kimya kimya, apewe nyumba ya safu ya juu. Msimamizi akasema za juu zimeisha zamani, na za chini hazina neno, kwani nyumba gani haina ufa. Kisha akamshika bega kirafiki, akamkumbusha kwamba awamu ya pili ni nyumba sitini na fundi wa plasta bado hajapangwa. Hariri alimwelewa sana. Alikwenda kuchanganya saruji yake.

Siku ya kukagua nyumba kabla ya kutia saini ilikuwa Ijumaa asubuhi. Dada alivaa kama mtu anayekwenda harusini. Alifungua na kufunga kila mlango, akawasha kila taa, akaandika. Bwana wa mauzo, viatu vinameta, alimfuata nyuma akimwaga sifa: dhamana ya mwaka mzima, majirani wastaarabu, kuta ambazo wajukuu watazirithi. Dada hakuwa na wajukuu, lakini alifurahi hata hivyo. Hariri alibaki chumbani, mbele ya dirisha. Walipoingia wakamkuta ameshapiga magoti, ametoa nyundo na tindo mfukoni.

Bwana wa mauzo aliuliza kulikoni. Hariri akaweka tindo ukutani. Aligonga, plasta ikameguka kama mkate mkavu; akagonga tena na tena, akaukata wavu, akaung'oa. Vumbi lilipotua, ufa ulikuwa palepale, ila umepanuka. Kidole cha mwisho kingeingia.

"Niliuona kabla sijaufunika," alisema. "Niliupima. Unatembea, dada. Nyumba inazama upande huu."

Bwana wa mauzo alitoka nje, simu sikioni, akimtafuta msimamizi. Chumbani wakabaki wawili. Dada alisogea, akaingiza kidole ufani taratibu, kama alivyozoea kugusa vidonda vya watu. Hariri alingoja atukanwe. Angetukanwa angeshukuru.

"Jumapili zote zile," dada alisema, "ulikaa kwangu, ukanywa chai yangu, ukinihadithia nyumba kuukuu."

"Niliogopa. Nilidhani utachoka mwenyewe uiache. Lakini nimekuja, dada. Nimekuja kabla hujatia saini."

"Umekuja kwa sababu ni mimi."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata maini. Zile nyumba sitini Hariri alijua zimekwenda na maji, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuziwaza. Aliwaza tu kwamba huyu ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kumwamini akiwa amefumba macho.

Dada alichungulia nje. Ng'ambo ya uzio mfupi, namba tano ilikuwa na mapazia tayari, na kwenye kamba zilianikwa nepi, nyingi, nyeupe. Akauliza kama na ile aliipiga plasta yeye. Hariri akaitikia kwa kichwa. Akauliza ufa wa kule uko wapi. Hariri akasema chumba cha nyuma, kile kidogo. Chumba kidogo watu humlaza nani, wote wawili walijua.

Dada alitia daftari mkobani, akatoka, akaenda kusimama kwenye geti la namba tano akimngoja. Hariri alifuata, nyundo mkononi. Dada hakumsaidia kubisha hodi. Hariri alibisha mwenyewe.

Aliyefungua ni mama kijana, mtoto amemlalia begani. Hariri alisahau hata kusalimia.

"Mimi ndiye niliyepiga plasta kuta za nyumba hii," alisema. "Naomba uniruhusu niingie chumba cha mtoto."

Uso wa yule mama ukachanua. Alisema kumbe ndiye, na kwamba mume wake, kila mgeni akija, humpeleka chumba kile akapapase ukuta. Akaufungua mlango wote, akajibanza pembeni na mwanawe, akamwambia karibu sana, fundi.