Jozi ya Kumi na Moja

Ndala zilipangwa mstari mmoja juu ya mchanga mkavu, visigino vikielekea majini, kana kwamba watu kumi na mmoja wasioonekana wamesimama pale ufuko wa Shangani, Mtwara, wakiipa bahari mgongo. Ukitoka kuogelea huna haja ya kugeuka: unaingiza miguu na safari ya chuoni imeanza. Hiyo ilikuwa sheria ya Mwalimu Filipo. Ilikuwa pia daftari lake la mahudhurio.

Chuo chetu hakikuwa na bwawa. Kilikuwa na timu ya kuogelea tu, na timu yenyewe ilikuwa na kamba mbili za manila zilizofungwa madumu matupu ya mafuta ya kula, miwani mitatu ya kupokezana, na simu ya Mwalimu iliyopasuka kioo, ambayo ndiyo ilitupimia muda. Yeye alikuwa mkufunzi wa hisabati. Alipewa timu kwa sababu wakufunzi wengine walikuwa wakiiogopa bahari.

"Mtu hukosea," alituambia siku ya kwanza. "Ataniambia Fulani ameshatoka, kumbe aliyetoka ni mwingine. Mimi nahesabu ndala. Ndala ikiwapo, mwenyewe yumo majini. Zikiisha zote, navuta kamba."

Mimi ni mtu wa Masasi, na Masasi hakuna bahari. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka kumi na tisa, mbele ya watu waliokuwa wakinicheka, na mwaka haukuisha kabla sijawapita wote. Nasema wote, ila Hashimu. Yeye alizaliwa kule mto Ruvuma unapoingia baharini, akaogelea kabla hajajua kuhesabu, na aliogelea kichwa juu, macho yakizunguka huku na huku kama ya mlinzi.

"Zamisha uso, Hashimu!" Mwalimu alikuwa akipiga kelele. "Unapoteza sekunde nne!"

"Kwetu ukizamisha uso, Mwalimu, mamba anakuwahi."

"Hapa hakuna mamba!"

"Na yeye ndivyo anavyotaka tuamini."

Yeye Mmakonde, mimi Mmakua, tukaitana mtani tangu wiki ya kwanza. Aliniita mtoto wa kisima, akasema nilijifunza kuogelea kwenye ndoo. Nami nilimwambia anaogelea kama mbuzi anayevushwa mto. Alinifichia shuka, nikamtilia chumvi kwenye chai. Hapakuwa na kukasirika. Anayekasirika ameshindwa, na sisi wawili hatukuwa watu wa kushindwa.

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Tukishuka ufukweni na bukta zetu, taulo mabegani, mkanda wa ndala yangu ukakatika. Niliziburuza hadi kwenye mstari, nikazipanga hivyo hivyo. Mwalimu akahesabu: kumi na moja. Tukaingia.

Wenzetu tisa walikuwa wameshatoka nilipotoka mimi. Mwalimu alikuwa amenipa mgongo, akikunja kamba ya kwanza. Hashimu alikuwa mbali, mwisho wa kamba ya pili, peke yake. Wiki ile alikuwa amekubali kujifunza kuzamisha uso. Nilimwona akiingiza kichwa, akikitoa kwa pupa, akikiingiza tena. Nilicheka. Nikaingiza miguu kwenye ndala zake, nyeupe, mkanda wa bluu, mpya, na zangu mbovu nikazifunga ndani ya taulo. Sikuziacha, ili asipate hata za kuburuza. Nilitaka aipande ile njia ya mawe ya kurudi chuoni pekupeku, akinitukana kila hatua.

Nilikaa dirishani bwenini nikimsubiri. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumpokelea. Kengele ya kipindi cha kwanza ilipolia, nilikuwa bado natabasamu.

Saa saba mchana, sahani yake ilipobaki mezani imefunikwa, ndipo tabasamu lilipoondoka. Halijarudi kama lilivyokuwa.

Mwalimu alikuwa ameona mstari mtupu. Alikuwa amevuta kamba ya pili, madumu yote, bila kuona kichwa kilichozama kule mbali, akaenda kufundisha. Hashimu alipochoka na kunyosha mkono kutafuta dumu la kushika, hapakuwa na dumu. Hilo hakuna aliyeliona. Lakini mimi naliona kila nifumbapo macho: mkono unapapasa maji, na maji hayana pa kushikwa.

Walimpata kesho yake kwenye mikoko, upande wa pili wa ghuba.

Tulienda kijijini kwao kuzika. Mama yake, Bi Hawa, alifungua sanduku tulilompelekea, akatoa kitu kimoja kimoja, akikigusa kama mtu anayepapasa uso wa mtoto. Mashati. Kofia. Madaftari. Kisha akaangalia chini ya sanduku.

"Ndala nilizomnunulia sikukuu ya Idi sizioni."

Mimi ndiye niliyejibu, tena haraka. "Labda bahari imezichukua, mama."

Alifunika sanduku. "Bahari inamvua mtu viatu, mwanangu?"

Kamati ya chuo ilikaa siku mbili. Mwalimu Filipo alisema asubuhi alihesabu jozi kumi na moja na baadaye hakuona hata moja. Wakamuuliza, kama ni hivyo, jozi ya marehemu iko wapi? Alirudia tu hesabu yake. Wakaniita mimi, nahodha. "Ulipotoka ufukweni, uliziacha ndala za marehemu pale mstarini?" Nikasema: "Sikuacha ndala zake pale." Lilikuwa jibu la kweli. Wakaandika kwamba sikuziona. Sikuwasahihisha.

Timu ikafungwa. Kamba na madumu yakafungiwa stoo.

Zile ndala zilikaa chini ya kitanda changu ndani ya mfuko wa rambo. Baada ya miezi minne nilizivuta nifagie, nikakuta soli zina unyevu. Nilijiambia ni saruji. Mtwara hii chumvi huingia hata kwenye godoro. Nikazianika dirishani juani tangu asubuhi. Jioni nilipozishika zilikuwa mbichi vile vile, na kwenye alama ya kidole ya ndala ya kushoto palikuwa na mchanga. Nilizipangusa. Tangu hapo, kila mtu akipita koridoni na ndala, nilihesabu hatua zake hadi mlango wake ufunguliwe. Zilikuwapo hatua ambazo hazikuishia kwenye mlango wowote.

Mwaka ulipotimia, mkuu wa chuo, Madam Doris, aliniita ofisini.

"Kaa, Josephu. Vyuo vya kusini vinashindana mwezi wa nane. Wametualika. Wizara inakubali timu ifunguliwe, ila wanataka faili la ajali lifungwe." Alinisogezea karatasi. "Wanatimu mnasaini kwamba msimamizi hakuhesabu. Basi."

"Na Mwalimu Filipo?"

"Faili lake litakwenda kwenye nidhamu." Alivua miwani. "Mwanangu, si mimi niliyetaka. Lakini mtu alikufa, na lazima iwe ni kosa la mtu. Wenzako tisa wamesaini. Jumamosi asubuhi nitakuja Shangani kuzindua. Unipe karatasi pale."

Nilitoka na karatasi. Nilitaka kuogelea, nakiri. Nilitaka zile mbio kama mwenye kiu anavyotaka maji, niwaonyeshe kwamba mtoto wa kisima anaweza kuwapita watoto wa pwani. Karatasi ilikuwa na nafasi moja tu iliyobaki.

Mchana ule nilikwenda mtaa wa Chuno, nyumbani kwa Mwalimu. Nilimkuta barazani akisahihisha madaftari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, nahodha. Subiri." Alihesabu yale madaftari kwa kidole, yote. Kisha akayageuza, akayahesabu tena kuanzia chini. Akaanza tena mara ya tatu.

"Ni thelathini na mbili, Mwalimu," nikasema.

"Umeona na wewe thelathini na mbili?"

"Ndiyo."

Alishusha pumzi. "Najua kuhusu karatasi. Saini, baba. Msipoteze mashindano kwa ajili yangu." Akatazama uani, kuku wawili wakichakura. "Nimefikiri sana. Mwanzo nilikuwa na hakika. Nilikuwa nauona ule mstari, mtupu, mchanga umebaki na alama tu. Sasa sijui tena. Labda sikuhesabu, Josephu. Labda nilitaka tu kuwahi kipindi, nikauona mtupu."

Nilifungua mdomo nimwambie, nikasema ninawahi kurudi chuoni. Mimi, niliyejisifu kwamba siogopi maji.

Jumamosi tulishuka Shangani watu kumi. Mwalimu alikuwepo: ameitwa akabidhi kamba na madumu. Madam Doris alisimama chini ya mvinje, viatu vyake vikizama mchangani. Wenzangu walipanga ndala zao. Mimi nilipanga zangu mwisho, kisha nikafungua mfuko wa rambo na kupanga pembeni yake jozi nyeupe yenye mkanda wa bluu, visigino vikielekea majini.

Hakuna aliyemwomba Mwalimu ahesabu. Ni mazoea. Kidole chake kilipita juu ya mstari, midomo ikisoma kimyakimya. Kumi na moja. Akainua macho, akatuhesabu sisi. Kumi. Akarudi kwenye ndala, na nilimwona alipozitambua, maana alitoa mkono mfukoni na kushika dumu lililokuwa karibu yake.

"Ulihesabu, Mwalimu," nikasema. "Nilizivaa mimi. Alikuwa bado majini. Nilikuwa namtania."

Nilikuwa nimetunga maneno mengi zaidi kwa mwaka mzima, mazuri, yenye mpango. Hayakuja.

Mmoja wetu alianza kulia. Madam Doris alinyosha mkono, nikampa karatasi isiyo na jina langu. Aliikunja mara mbili.

"Jumatatu saa mbili, ofisini kwangu," akaniambia. "Uje na mzazi." Kisha akageuka kumtazama Mwalimu, akaitia karatasi mfukoni.

Mwalimu Filipo hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alinitazama kama mtu anayetazama saa.

"Nilihesabu," akasema, kwa sauti ya chini, si kwangu. Kisha akapaza: "Haya, maji yanakupwa. Tandazeni kamba. Ingieni."

Tuliogelea. Nilizamisha uso, na kila nilipougeuza kuvuta pumzi nilihisi mtu upande wa kushoto, kichwa juu, anaangalia huku na huku kwa niaba yangu. Sikujaribu kumpita.

Tulitoka mmoja mmoja. Kila mtu akaingiza miguu kwenye jozi yake, nami kwenye yangu. Kamba ya kwanza ikakunjwa. Jua lilikuwa limeshapanda, Madam ameondoka, na mchangani ilibaki jozi moja nyeupe.

"Tuivute ya pili, Mwalimu?" nikauliza.

Alikuwa ameketi mchangani karibu na zile ndala, ncha ya kamba ameizungusha mkononi, madumu yakielea mbele yake hadi mbali.

"Bado," akasema.